Taa Aliyoing'oa Fundi

Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Ilikaa kwenye dashibodi ya gari langu, chini ya mshale wa spidi. Asubuhi ukiwasha gari inakuja bluu, maana yake injini bado ya baridi, usiikimbize. Ukienda kidogo inazimika yenyewe, maana yake injini imepata moto wake, endelea na safari zako. Na kama injini imezidi moto, kitundu kilekile kinawaka tena, safari hii chekundu, maana yake simama hapohapo kabla hujajuta. Taa moja, kazi mbili. Leo naijua kazi yake kuliko ninavyojua viganja vyangu. Nilichelewa kuijua, na aliyenichelewesha ni fundi mmoja wa Nachingwea ambaye mpaka leo nikimwona kwa mbali damu inanichemka.

Mimi ni muuza vitenge. Kwa miaka mingi nilifuata minada kwa kudandia malori, marobota yangu juu ya magunia ya ufuta na mimi juu ya marobota. Nilipopata gari dogo, la mtumba, nilihisi nimeota mabawa. Siku za mnada Ruponda niko, Ruangwa niko, Namungo siku za mpira ndiyo usiseme, watu wamejaa na kila mmoja anataka kitenge cha kwenda kushangilia. Nilikuwa nalisafisha mwenyewe hilo gari, nalifuta hadi matairi. Dada yangu alinicheka kwamba nalitunza kuliko nilivyowahi kumtunza mwanamume.

Basi ugonjwa wa kwanza ulianzia Ruponda, siku ya mnada. Ukiingia kati ya watu unakwenda mwendo wa kinyonga, ng'ombe mbele, baiskeli nyuma. Nikaona ile taa imekuja nyekundu. Nikazima, nikasubiri, nikawasha. Nilipotoka barabarani nikakimbia kidogo, ikazimika. Nilipofika mjini nikakwama nyuma ya trekta, ikarudi. Mtu yeyote anayeijua kazi yake angesikia maneno hayo tu akajua pa kushika. Gari linalochemka likienda polepole na kupoa likikimbia linakwambia kwa mdomo wake kwamba feni ya rejeta haizunguki. Likikimbia, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, nani alipulize? Hakuna uganga hapo.

Fundi wangu hakuniuliza hata linachemka likiwa wapi. Alikuwa na sifa mjini, gereji yake imejaa, na juu ya yote ukoo wao na ukoo wetu ni watani. Nikimkuta amekula namwambia ameiba, akinikuta nimenunua khanga mpya ananiambia nimeichukua msibani. Kwa hiyo nilimwamini kama unavyomwamini mtu wa nyumbani. Akafungua boneti, akafungua bomba la juu la rejeta, akachomoa kidude cha duara chenye springi katikati, akakirusha kwenye ndoo ya vyuma vibovu.

"Mtani, ugonjwa wako ndio huu," akasema. "Themostati. Hiki kidude ni cha nchi za barafu. Sisi huku jua lote hili tunakitakia nini?"

Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakaitikia, ndiyo, ndiyo, hata kwenye langu kakitoa, hata langu. Na ni kweli, huku kwetu ukizunguka gereji zote utakuta hizo themostati zimelala kwenye ndoo kama visoda. Kila mtu anajua kwamba nchi ya joto haihitaji. Kila mtu anajua, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini aliyelitengeneza gari alikiweka.

Kwa muda gari likatulia. Minada ilikuwa bado haijachangamka, nilikuwa nakimbia barabara nyeupe isiyo na mtu, upepo tele. Ila nikaanza kuona mambo mawili. La kwanza, gari linakunywa petroli kama limelaaniwa. La pili, ile taa ya bluu haizimiki. Nawasha Nachingwea bluu, nafika Ruponda bluu. Nikarudi kwa fundi. Akaniambia niipuuze. Nikarudi tena, maana mimi kitu kikiwaka mbele ya macho yangu siwezi kukipuuza, nakuwa kama mtu aliyeachiwa bomba linadondoka. Akacheka.

"Mtani, wewe unasumbuliwa na taa? Haya, leo nakutibu."

Akafungua dashibodi kwa bisibisi, akaingiza vidole, akaing'oa. Akaniwekea kiganjani. Kibalbu kidogo, chenye nyaya mbili za kufungia. Nikamshukuru! Mungu wangu, nilimshukuru, nikamwachia na kitenge cha mkewe. Hakunieleza, na pengine hakujua, kwamba kwa kuing'oa bluu ameing'oa na nyekundu. Kibalbu nilikitupia kwenye mfuko wa mlango wa gari, pamoja na karatasi za pipi.

Ufuta ulipoiva, mama akafariki.

Alikuwa Chunyu kwa dada. Dada alinipigia asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, akaniambia kwa sauti kavu kabisa, "Mama katangulia. Njoo. Tunakusubiri wewe uje umwoshe, kisha baada ya adhuhuri wanaume wampeleke." Mama mwenyewe aliagiza hivyo zamani, kwa Kimwera chake, maana Kiswahili alikitumia sokoni tu. Alisema mikono ya kumwosha iwe ya binti zake wawili, asishikwe na watu baki. Alikuwa na haya yule mama, hata kuoga alikuwa anafunga mlango kwa kamba. Sisi wawili ndio aliotuzaa wa kike. Alituosha tukiwa wachanga, akataka tumwoshe akiwa hajiwezi. Ombi dogo hilo. Hakuomba kitu kingine.

Nikawasha gari. Nililia kutoka nyumbani hadi nje ya mji, kisha nikajikaza, nikashika usukani. Nilikuwa na muda wa kutosha, hata nikipitia Ruangwa kununua sanda na ubani. Lakini barabara ilikuwa inatengenezwa. Wametupeleka michepuko ya vumbi, foleni ya malori ya ufuta, greda linakwenda na kurudi mbele yetu. Mwendo ule ule wa mnadani. Feni imekufa, upepo hakuna, na mbele ya macho yangu dashibodi nyeusi, tulivu, haina neno. Mimi najua gari langu lina afya.

Kwanza nilisikia harufu, tamu tamu, nikadhani ni ya lori la mbele. Kisha gari likaanza kukosa nguvu, nakanyaga linalalamika. Kisha moshi mweupe ukatoka pembeni mwa boneti, likagonga ko-ko-ko, likazima. Sikuwa na akili za mtu siku ile. Nilifungua boneti, nikachukua dumu la maji ya kunywa, nikamimina palepale juu ya injini inayounguza. Nikasikia kitu kinalia kama chungu kinapasuka. Hilo usilifanye, ndugu yangu, hata ukiwa umefiwa. Injini iliyochemka unaizima, unaiacha ipoe yenyewe, mfuniko wa rejeta huugusi. Mimi nilimaliza kazi aliyoianza fundi.

Nikasimama kwenye vumbi, nikipungia kila kinachopita. Malori yamejaa, mabasi yamejaa. Simu ya dada inaita, nakata, nini nitamwambia? Nilipopata bodaboda jua lilikuwa limesimama kichwani. Tulipoingia Chunyu niliona wanaume wanarudi kwa vikundi, wamekunja suruali, miguu ina udongo mwekundu. Sikuhitaji kuuliza wanatoka wapi.

Dada alikuwa barazani. Hakunifokea. Aliniambia maji ya kumwoshea waliyapasha moto mara mbili wakinisubiri, na shehe akasema maiti haicheleweshwi. Jirani mmoja akaingia na dada kushika nafasi yangu. Mtu baki. Dada alikuwa analia, anajifuta kwa upindo wa khanga. Mimi sikulia.

Nilikaa Chunyu mpaka arobaini. Gari lilivutwa hadi Ruangwa, gereji nyingine, hedi, kile kichwa cha injini, ikafunguliwa, imepinda, gasketi imeungua. Mimi kila nikipata nafasi nilikwenda kukaa pale pale, siondoki. Nikamuuliza aliyefungua: hiki nini, na hiki kazi yake nini, na kwa nini hiki hakipo? Nikirudi kwa dada nafungua simu, naangalia video za watu wanaofungua magari madogo, hata za lugha nisizozijua naangalia mikono tu. Nikajua habari ya feni. Nikajua kwamba ingejaribiwa kwa kuwasha gari, kuliacha lisimame mpaka lipate moto, na kutega sikio. Basi. Hata spana haihitajiki. Nikajua kwamba themostati ikitolewa injini haipati moto wake, ndiyo maana bluu haikuzimika, ndiyo maana petroli ilikwisha. Taa ilikuwa inamsema fundi, na fundi akaikata ulimi.

Siku nilipoelewa hilo nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu. Nikakitafuta kile kibalbu kwenye mfuko wa mlango, nikakifunga kwenye ncha ya khanga. Nikasema moyoni, wewe mtani, utanitambua.

Alikuja kunipa pole niliporudi Nachingwea. Ndiyo, alikuja, na kanzu yake na kofia. "Pole mtani, kazi ya Mungu haina makosa." Akauliza gari liko wapi, nikamwambia liliharibika njiani. Akatikisa kichwa, akasema vijigari hivi injini zake cherehani, safari ndefu haziziwezi. Nilimkaribisha chai. Nilimtazama anavyokunywa, nikamsogezea sukari. Watu watauliza kwa nini sikumrukia siku ile. Kwa sababu angesema "samahani mtani," tukaamuliwa na majirani, ikawa imekwisha. Sikutaka iishe kwa samahani ya kikombe cha chai. Nilitaka kitu kimwume.

Nikaanzia alipopapenda, kwenye wateja wake. Mnadani nikishapanga vitenge, nikisikia gari la mtu linasumbua naacha biashara nakwenda. Ukiwasha inafanya ta-ta-ta na haigeuki? Usikimbilie kununua betri, tazama kwanza vichwa vya betri, vimeota ule unga mweupe, vikwangue, vikaze. Asubuhi inapiga kelele kama nguruwe? Mkanda umelegea au umekauka. Inatetemeka ikisimama, kwenye mlima haina nguvu? Chomoa plagi uzione, nyeusi ya masizi inakwambia lake na iliyolika inakwambia lake. Inachemka? Inachemka ikiwa wapi, ikisimama au ikikimbia? Hilo swali nililiuliza kwa sauti kubwa, kila mara, ili kila aliyesimama alisikie na ajiulize kwa nini fundi wake hakuwahi kumuuliza. Sikumtoza mtu. Watu wakasema nina moyo mwema. Moyo mwema wapi! Kila gari nililolitibu lilikuwa ni benchi moja la fundi lililobaki tupu, na mimi nilikuwa nalala usingizi mnono.

Lakini haikutosha. Kila nikifungua ncha ya khanga kile kibalbu kipo.

Ndipo mama yake fundi naye akafariki, Ruponda, kiangazi kilichofuata. Habari ilipofika niliinuka kabla mjumbe hajamaliza. Kwetu msiba wa mtani ni kazi yako. Unateka maji, unapika, unafagia, na katika kufanya hayo una ruhusa ya kumsema mfiwa lolote mbele ya halaiki, na yeye haruhusiwi kununa. Akinuna ameaibisha ukoo wake wote. Nani angenipa mahakama nzuri kuliko hiyo? Nikafunga kwenye kikapu ovaroli kuukuu niliyoipata Ruangwa, na upawa mrefu wa chuma. Njiani nilicheka peke yangu. Gari langu, lenye feni mpya na themostati yake, lilikwenda bila neno.

Nilipofika sikupata hata nafasi ya kuweka kikapu. Mwoshaji mkuu, mama mtu mzima, alitoka mlangoni akaita, "Watani mpo? Tunataka mikono ya mtani mmoja, dada zake wameishiwa nguvu." Wenzangu wakanisukuma mimi. Nikaingia.

Nitasema ukweli, niliingia na roho yangu ile ile. Niliwaza nitamimina maji kama namwagia mboga, nitoke. Kisha nikafunuliwa yule bibi. Miguu mikavu ya mama wa shamba, visigino vimepasuka kwa kufuata mikorosho, kovu la jiko mkononi. Angeweza kuwa yeyote. Nikapewa kopo, maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi. Mikono yangu ikaanza kwenda taratibu bila kuniuliza. Nilimwosha nyuma ya masikio. Nilimwosha kati ya vidole. Nilishikilia shuka vizuri lisiteleze, maana nilimfikiria mwingine aliyekuwa na haya. Nikamchana nywele, nikamsuka mafungu matatu, nikamtia kafuri. Mwoshaji mkuu akanitazama, akaniambia, "Umefunzwa na mama yako wewe." Nikajibu, "Ndiyo." Machozi yalidondokea kwenye maji, nayo yakaenda na maji.

Nilipotoka nilikuwa nimemsamehe fundi? Thubutu! Nilikuwa na hasira mpya, mbichi, kwa sababu sasa nilijua kwa mikono yangu ni kitu gani hasa nilichonyimwa. Nikavaa ile ovaroli juu ya gauni, nikashika upawa, na jeneza lilipoinuliwa nikasimama katikati ya ua.

"Haondoki mtu hapa! Fundi nimekuja kukagua!"

Uani watu wakapasuka kicheko. Nikamfuata mfiwa mwenyewe, nikamgonga kifuani kwa upawa, nikatega sikio. "Huyu anachemka," nikasema, kwa sauti yake hasa, ile ya puani. "Anachemka akiwa wapi? Mimi siulizi! Themostati! Toa! Nchi ya joto hii, tunaitakia nini?" Nikajifanya namchomoa kitu kifuani, nikakitupa kwenye ndoo ya maji ya kupikia. "Analalamika macho yanawaka? Mtani unasumbuliwa na macho? Haya, nakutibu, nayang'oa!" Watu wanashika mbavu. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kwenye langu pia kakitoa hicho kidude!" Mwingine, "Na langu! Linakunywa petroli mpaka aibu!" Wakaanza kutazamana. Kicheko kikabadilika, kikawa na meno. Fundi alikuwa anacheka pamoja nao, analazimika kucheka, jasho linamtoka mpaka kwenye kola ya kanzu, na macho yake yanazunguka akihesabu sura za wateja. Nilimwacha acheke mpaka nilipoona imemtosha. Kisha nikaondoka njiani, jeneza likapita.

Utamu ulioje! Nisikufiche, ulikuwa mtamu.

Waliporudi makaburini mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nakwangua masufuria kwa mchanga. Akaja peke yake. Alikuwa bado ameshikilia kile kicheko, kama mtu aliyesahau kuvua kofia.

"Mtani, leo umeniua hadharani."

"Kazi yangu, mtani."

Akachuchumaa. Kicheko kikamponyoka, na sauti yake ikawa ya mtoto wa mtu.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyemwosha. Mimi mwanamume, sikuingia. Alikuwaje? Ulimwosha vizuri?"

Niliweka chini sufuria. Nilikuwa nimelisubiri jambo la kumwuma, na nimelitafuta kwenye magari ya watu na kwenye ovaroli, kumbe ni yeye mwenyewe ameniletea.

"Nilimwosha taratibu," nikamwambia. "Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilimsitiri. Nywele nilimsuka. Alikuwa ametulia usoni. Nilimwosha kama ninavyotamani ningemwosha wangu."

"Wako si ulimwosha?"

Nikafungua ncha ya khanga. Nikakitoa kile kibalbu chenye nyaya mbili, nikakiweka kiganjani mwake, kama alivyoniwekea mimi.

"Siku anafariki nilikuwa kwenye mchepuko wa barabara, gari linaungua, na mbele yangu hakuna taa ya kunionya, kwa sababu uliing'oa. Mama aliniita nimwoshe. Akaoshwa na jirani."

Alikitazama. Akanitazama usoni, akitafuta dalili kwamba bado tunataniana, mdomo wake uko tayari kucheka nikimpa ruhusa.

Sikumpa. Nikachukua mchanga mwingine, nikaendelea na sufuria, naye akabaki amechuchumaa pale, kiganja wazi.